Maziwa ya Mama Hayaishi kwa Kunyonywa

Somo hili linahusu kunyonyesha. Usidhani kuwa ni somo la akina mama peke yao. Baba mwenye nyumba alisome. Mama mkwe naye alisome, au asomewe. Dada anayebaki nyumbani na mtoto alisome pia. Mtoto mchanga hanyonyeshwi na mama tu. Hunyonyeshwa na nyumba nzima, na jambo hili tutaliona wazi katika habari ifuatayo.

Habari ya mama mmoja

Mama mmoja mwanakisomo anaishi upande wa Mpimbwe, katika bonde la Rukwa. Alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Mtoto alizaliwa na kilo 3. Alinyonya vizuri. Alipopelekwa kliniki mwanzoni mwa Januari alikuwa na kilo 4.8, na muuguzi alimsifu mama yake.

Januari ni mwezi wa kazi. Mpunga ulikuwa umeota, na majani yalikuwa yameota pamoja nao. Shamba la nyumba ile liko mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mama alianza kuondoka alfajiri pamoja na mumewe. Mtoto aliachwa na dada yake wa miaka tisa. Aliachiwa pia kikombe cha uji mwepesi wa mahindi. Mama alirudi saa kumi jioni.

Wiki ya kwanza matiti ya mama yalijaa yakauma. Maziwa yalichuruzika yakalowesha nguo yake shambani. Wiki ya pili hayakujaa sana. Wiki ya tatu, mama aliporudi na kumpakata mtoto, mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia kwa hasira.

Mama mkwe aliona haya yote. Akasema, "Mwanangu, maziwa yako yamekuwa mepesi. Mtoto hashibi. Mwongezee uji."

Mkwewe akajibu, "Sawa, mama."

Uji ukaongezwa. Sasa mtoto alipewa uji hata usiku, wakati mama yuko nyumbani. Baada ya siku chache mtoto akaanza kuharisha. Bibi akatafuta dawa ya mchango, akamnywesha. Kuharisha hakukukoma. Mwezi wa Februari mtoto alipimwa tena. Alikuwa na kilo 4.5. Mstari kwenye kadi yake, uliokuwa unapanda, ulikuwa umeshuka.

Ebu tufikiri. Mama alimpenda mtoto wake. Bibi hakusema neno lile kwa ubaya. Dada alifanya kama alivyoagizwa. Baba alikuwa anapalilia chakula cha nyumba. Basi kosa lilikuwa wapi?

Kisima cha mchangani

Wakati wa kiangazi mito yetu mingi hukauka. Watu huenda mtoni, huchimba shimo mchangani, na maji hujikusanya shimoni. Ukiteka, maji mengine hutiririka kutoka pembeni. Ukiacha kuteka kwa siku nyingi, shimo hujaa mchanga na kuziba. Anayekuja baadaye husema maji yamekwisha, kumbe watu wameacha kuteka.

Matiti ya mama yako hivyo. Maziwa hayawekwi mle kama nafaka ghalani, yakachotwa mpaka yaishe. Hutengenezwa kila siku, usiku na mchana, kwa kadiri yanavyotolewa.

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo wa mama. Ubongo hutoa homoni mbili, nazo husafiri katika damu. Ya kwanza huitwa prolaktini. Kazi yake ni kuyaagiza matiti yatengeneze maziwa. Homoni hii hutoka kwa wingi zaidi usiku. Ndiyo maana mtoto anayenyonya usiku humsaidia mama yake kuwa na maziwa ya kutosha mchana. Ya pili huitwa oksitosini. Hiyo huyakamua matiti kwa ndani ili maziwa yashuke.

Wafugaji wanaifahamu kazi ya oksitosini hata kama hawajawahi kusikia jina lake. Ng'ombe wetu wa kienyeji hakubali kukamuliwa hivi hivi tu. Kwanza huletewa ndama wake. Ndama hugonga kiwele, hunyonya kidogo, ndipo ng'ombe hushusha maziwa. Mkamuaji akija kwa fujo na kelele, ng'ombe hubana. Mama naye akiwa na hofu, maumivu au ugomvi nyumbani, maziwa huchelewa kushuka. Hayajakauka. Mama akae mahali patulivu, amtazame mtoto wake, anywe maji, na maziwa yatashuka.

Kuna jambo la tatu. Titi likijaa likaachwa limejaa muda mrefu, maziwa yenyewe huliambia titi lipunguze kazi. Hili ndilo lililompata yule mama wa Mpimbwe. Kuanzia alfajiri mpaka saa kumi jioni hakunyonyesha. Matiti yalijaa, yakauma, kisha yakapokea habari kwamba hakuna mnyonyaji. Yakapunguza. Uji wa usiku ulipoongezwa, mtoto alinyonya kidogo zaidi. Matiti yakapunguza tena. Kwa hiyo uji uliotolewa kwa sababu maziwa hayatoshi ndio uliozidi kuyapunguza.

Na wepesi alioutaja bibi je? Maziwa ya mwanzo wa kunyonya ni mepesi, nayo hukata kiu. Yale yanayotoka mwishoni ni mazito zaidi na yana mafuta mengi. Mwache mtoto amalize titi moja mwenyewe kabla ya kumpa la pili. Akitolewa mapema atakosa mafuta.

Dang'a

Turudi nyuma kidogo, kwenye siku ya kwanza ya mtoto. Maziwa ya kwanza baada ya kujifungua ni machache, mazito na ya manjano. Huitwa dang'a. Wako mama wanaoyakamua na kuyamwaga, kwa sababu wameambiwa ni machafu, au ni usaha, au yamekaa titini miezi tisa yakaharibika.

Nenda kwa mfugaji yeyote umwulize kama atakubali ndama akose dang'a. Atakushangaa. Anajua kwamba ndama aliyekosa dang'a hudhoofika na mara nyingi hufa. Sasa itakuwaje tumpe ndama na tumnyime mtoto wa mtu?

Dang'a ina vikinga maradhi vingi na vitamini A. Humsaidia mtoto kutoa choo kile cheusi cha mwanzo. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo sana. Mtoto awekwe kifuani mwa mama na kuanza kunyonya katika saa ya kwanza tangu azaliwe. Asipewe maji ya sukari, asali wala maji ya uvuguvugu wakati wa kungoja "maziwa yaje". Maziwa meupe yatakuja siku ya pili, ya tatu au ya nne, na yatakuja upesi zaidi ikiwa mtoto ananyonya.

Miezi sita bila hata maji

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Asipewe uji, maji, maziwa ya ng'ombe wala dawa ya mchango. Dawa ni ile tu iliyoandikwa na mganga wa zahanati au kituo cha afya.

Mtu atauliza, "Na joto hili la bonde la Rukwa, mtoto asinywe maji?" Swali hili huulizwa katika kila darasa, na ni swali zuri. Jibu ni kwamba katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, kama 87 ni maji. Ni maji safi ambayo hayakupita mtoni, ndooni wala kikombeni. Siku ya joto mtoto ataomba kunyonya mara nyingi zaidi. Mpe. Anayehitaji kunywa maji mengi ni mama.

Akina bibi wasidharauliwe katika jambo hili. Wengi wao walijifunza afya katika madarasa ya elimu ya watu wazima, siku za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Walikaa kuizunguka redio, wakasoma, wakachimba vyoo. Kwa miaka mingi ushauri wa wataalamu ulikuwa kuanza chakula kati ya miezi minne na miezi sita. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipokea ushauri mpya wa miezi sita kamili, baada ya uchunguzi wa muda mrefu. Bibi anayesema "sisi tuliwapa uji mapema" anasema kweli. Elimu ndiyo iliyosonga mbele, naye aelezwe kwa heshima.

Hapa Tanzania tumepiga hatua. Mwaka 2010, kati ya watoto 100 wa chini ya miezi sita, 50 tu walikuwa wananyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2022 walikuwa 64. Piga hesabu: ni watoto wangapi kati ya 100 bado hawapati?

Dalili za kushiba

Kulia peke yake si dalili ya njaa. Mtoto hulia kwa joto, kwa mkojo, kwa usingizi, na kwa kutaka kupakatwa. Tazama mambo mawili. La kwanza ni mkojo. Mtoto anayenyonya tu, akikojoa mara sita au zaidi usiku na mchana, na mkojo si wa manjano iliyokolea, anapata maziwa. La pili ni kadi ya kliniki. Mstari ukipanda, maziwa yanatosha, hata kama jirani anasema mtoto ni mwembamba. Wewe umejifunza kusoma. Soma kadi ya mwanao.

Namna ya kumpakata

Mama wengi wenye chuchu zilizochanika hawana ugonjwa. Mtoto ameshika vibaya tu. Kaa vizuri, mgongo uegemee. Mgeuze mtoto tumbo lake liguse tumbo lako, na kichwa, shingo na mgongo wake viwe katika mstari mmoja. Gusa midomo yake kwa chuchu. Ngoja mpaka apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mlete kwenye titi. Usilipeleke titi kwake kwa kuinama, utaumwa mgongo. Asishike chuchu peke yake. Sehemu nyeusi inayoizunguka nayo iingie kinywani, hasa ya upande wa chini. Kidevu kiguse titi, na mdomo wa chini ubinuke nje.

Akishika vizuri hutasikia maumivu, na utamsikia akimeza polepole. Ukisikia maumivu, ingiza kidole kisafi pembeni mwa kinywa chake, mwachishe, uanze tena. Paka chuchu matone ya maziwa yako mwenyewe, uyaache yakauke. Titi likiwa jekundu, gumu, lenye joto, nawe una homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na uendelee kunyonyesha. Ukiacha, titi hujaa zaidi na jipu laweza kutunga.

Mtoto mchanga anyonye mara 8 mpaka 12 usiku na mchana. Usingoje alie.

Likizo ya jembe

Sasa tumefika penye uzito wa somo hili. Yote tuliyosema ni rahisi kwa mama aliye karibu na mtoto wake. Lakini mama wa Mpimbwe, wa Inyonga au wa Karema yuko shambani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua mapacha hupata siku 100. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kila siku. Baba naye hupata siku tatu. Ni sheria nzuri. Lakini miezi sita ni kama siku 180. Toa 84, zinabaki 96. Hata karani wa ofisini zinampungukia, na ndiyo maana ya zile saa mbili.

Mkulima hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Mpunga haumngojei. Basi likizo yake itatoka wapi? Itatoka kwa mumewe na kwa wakwe zake. Baba, wewe ndiye unayegawa kazi za nyumba yako. Mke akijifungua karibu na masika, mgawie shamba la karibu, wewe ushike la mbali. Kuni na maji vichukuliwe na mwingine kwa miezi hiyo. Ukiona haya kubeba ndoo mbele ya wenzako, tumia baiskeli.

Kama ni lazima mama aende shambani, mtoto aende naye. Pajengwe kibanda kidogo chenye kivuli, au mtoto alazwe chini ya dungu la kuamia ndege, juu ya mkeka, ndani ya chandarua. Mama apumzike kila baada ya saa mbili au tatu, anawe mikono, anyonyeshe. Muda anaoutumia hapo ni mdogo kuliko siku atakazokaa zahanati na mtoto anayeharisha.

Katika vijiji vya tumbaku, kama vile vya Katumba, Mishamo na Inyonga, liko jambo jingine. Jani bichi la tumbaku lina nikotini. Hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande au mvua, kisha huingia hata katika maziwa. Mama anayenyonyesha asipewe kazi ya kuchuma wala kufunga majani. Ikishindikana kabisa, avae mikono mirefu, aoge na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto. Mtoto asilazwe karibu na mabani ya kukaushia.

Iko pia njia ya kukamua. Mama anawe mikono kwa sabuni. Aweke kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, mwanzoni mwa ule weusi, abonyeze kuelekea kifuani, kisha abane. Asivute chuchu. Maziwa yaingie katika kikombe kilichochemshwa, kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi ndani ya nyumba. Siku za joto letu yatumike kabla ya saa nne kupita. Hayachemshwi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, polepole, si kwa chupa. Chupa na chuchu zake za mpira ni vigumu kuvisafisha, na wadudu wa kuharisha hukaa humo.

Kuhusu maziwa ya kopo nitasema maneno machache. Mtoto mdogo humaliza kopo la gramu 400 kwa siku chache tu, na mama asiye na fedha huanza kuongeza maji ili kopo lidumu. Hapo njaa huingia kinywani kwa jina la maziwa. Nchi yetu imeweka kanuni za kuzuia matangazo ya vyakula hivyo tangu mwaka 1994, na kanuni mpya zikatoka mwaka 2013. Ukiambiwa dukani kwamba kopo lashinda titi, usikubali.

Kubemenda na maneno mengine

Wazee wengi wanasema kwamba baba na mama wakikutana wakati mtoto ananyonya, mtoto hubemendwa: hudhoofika, miguu hulegea, huharisha. Kwa ajili hiyo wengine humwachisha mtoto ghafla, na baba wengine huhama nyumba. Mbegu za baba haziingii katika maziwa. Hakuna njia ya kufika huko. Hata mama akipata mimba, maziwa hayageuki sumu. Akiwa na afya njema anaweza kuendelea kunyonyesha, ila ale zaidi na apate ushauri kliniki.

Lakini tusiwacheke wazee. Waliona kwa macho yao kwamba mtoto ambaye mama yake amepata mimba mapema hudhoofika. Hudhoofika kwa sababu huachishwa ghafla na hubaki na ugali na mchuzi. Mwiko ule ulikuwa uzazi wa mpango wa siku hizo. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba, ikiwa masharti matatu yametimia pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa tu usiku na mchana, na mama hajaona siku zake tangu alipojifungua. Sharti moja likivunjika, mama atafute njia nyingine zahanati.

Mama hupata faida nyingine pia. Mtoto akinyonya mara tu baada ya kuzaliwa, mji wa mimba hujikaza na damu hupungua. Wanawake walionyonyesha hupata saratani ya matiti kwa nadra zaidi. Mama naye lazima ale. Aongezewe mlo mmoja juu ya ile ya kawaida. Hakuna chakula cha ajabu kinacholeta maziwa, ingawa uji wa karanga na supu ya migebuka ni vizuri na humpa nguvu.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI asikate tamaa. Siku hizi hunyonyesha kama mama wengine, maziwa tu kwa miezi sita, huku akimeza dawa zake kila siku bila kukosa. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga na hupimwa. Afuate maelekezo ya kliniki yake. Hatari ni kuacha dawa, na pia kuchanganya maziwa na uji kabla ya miezi sita.

Akitimiza miezi sita

Hapo sasa uji una nafasi yake, lakini si uji mweupe mtupu. Tia karanga zilizosagwa, au dagaa wa Tanganyika waliooshwa, wakakaushwa na kusagwa wakawa unga laini. Mpe boga, yai, mboga za majani zilizopondwa, papai na embe. Aendelee kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi.

Yule mtoto wa Mpimbwe

Muuguzi hakumgombeza mama yule. Alimpa mtoto maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki vya kutibu kuharisha. Kisha akamwambia mama aache uji, na amnyonyeshe mtoto kila anapotaka, usiku na mchana, hata kama titi linaonekana tupu. Alimwita na mumewe, akamweleza habari za kisima. Jioni ile baba na bibi walizungumza. Bibi alisema, "Kama ni kunyonya tu, basi twende naye shambani. Nitamshika mimi."

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu. Mtoto alilia, mama akalia pia, na bibi alitamani sana kupika uji. Siku ya nne matiti yalianza kujaa. Kibanda kilijengwa pembeni mwa shamba, na bibi alikaa humo na mjukuu wake. Yule dada wa miaka tisa alirudi shuleni, maana katika wiki zile zote hakuonekana darasani na hakuna aliyeuliza. Mwezi wa Aprili, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, mtoto alipimwa. Alikuwa na kilo 5.9.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwa nini maziwa ya mama wa Mpimbwe yalipungua? Eleza kwa maneno yako mwenyewe, bila kutazama kitabu.

2. Mtoto alikuwa na kilo 4.8 mwezi wa Januari na kilo 4.5 mwezi wa Februari. Alipungua gramu ngapi? Kutoka Februari mpaka Aprili aliongezeka kilo ngapi?

3. Katika kijiji chenu ni kazi zipi zinazomtenga mama na mtoto wake mchanga? Ni nani katika nyumba anayeweza kuzichukua? Akina baba wajibu kwanza.

4. Mama mkwe wako anataka kumpa mtoto wa miezi miwili dawa ya mchango. Utamjibuje bila kumvunjia heshima? Wanakisomo wawili waigize mbele ya darasa.

5. Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto wa nyumbani kwako katika kipindi kijacho. Tutaisoma pamoja.